Usigawe Nusu kwa Nusu: Namna ya Kusawazisha Mbio na Pasi Kwenye Futiboli ya Vyuo

Jumamosi ile timu yetu ya futiboli ya Marekani ilifungwa kwa tofauti ya pointi 17, na karatasi ya takwimu iliyoletwa chumba cha makocha baada ya mechi ilisema tumekimbiza mpira mara 33 na kurusha mara 33. Kocha mmoja aliisoma kwa sauti, akasema angalau tumekuwa na uwiano. Sikusema kitu, maana kazi yangu wakati ule ilikuwa kukata video na kubeba betri za kamera, lakini neno lile lilinikaa kooni. Uwiano gani huo, ilhali kila tulipokimbia tulikutana na ukuta, na kila tuliporusha kwotabeki wetu, mrushaji wa mpira, alilala chini?

Jumapili usiku nikakaa na video, nikaandika plei zote 66, yaani kila jaribio la kuupeleka mpira mbele, moja baada ya nyingine. Katika zile mbio 33, nne hazikuwa mbio hata kidogo. Kwotabeki alikuwa akitafuta mtu wa kumrushia, akakamatwa nyuma ya mstari ambapo plei huanzia. Futiboli ya vyuo huandika kukamatwa huko kuwa ni mbio, na yadi zilizopotea hukatwa kwenye yadi za mbio. NFL, ligi ya wanaolipwa, huzikata kwenye yadi za pasi. Nyingine tatu zilikuwa pasi zilizovunjika, kijana akaamua kujiokoa kwa miguu. Kwa hiyo tulichoita sisi wenyewe kilikuwa pasi 40 na mbio 26. Halafu nikaona kilichotuua. Timu hupewa dauni nne, yaani majaribio manne, kusogea yadi 10. Tulikuwa na plei 27 za dauni ya kwanza, na 20 kati yake tulikimbia. Dauni zilizobaki zilikuwa 39, na humo tukarusha 33. Mtu yeyote wa upande wa pili aliyekuwa na kalamu alikuwa ameshatusoma kabla ya mapumziko: dauni ya kwanza jaza watu mbele, baada ya hapo rudi nyuma usubiri mpira hewani.

Sasa ninakaa juu, kwenye kibanda cha makocha cha chuo kimoja kidogo cha Marekani, vipokea sauti masikioni, nikihesabu ulinzi na kumwambia mratibu wa ushambulizi ninachokiona. Kila kijana anayekuja kujifunza kazi hii ninamwambia kwamba una uwiano pale ulinzi usipoweza kuongeza mtu upande mmoja bila kukuachia mlango wazi upande mwingine, nawe una plei ya kuupita mlango huo wakati uleule. Ukilifikia hilo, karatasi ya mwisho wa mechi inaweza kusoma mbio 45 na pasi 15, au kinyume chake, na bado ukalala usingizi.

Anza na hesabu iliyo sawa

Kabla hujabadilisha chochote, jua unachofanya sasa. Usitegemee takwimu rasmi, kwa sababu ile ya kukamatwa kwa kwotabeki peke yake inatosha kukupotosha. Fungua jedwali, na kwa kila plei andika dauni, yadi zinazohitajika, mpira uko hashi ipi kati ya mistari miwili ya katikati ya uwanja, nani wako uwanjani, mpangilio wao, idadi ya walinzi kwenye boksi (eneo lililo mbele ya wazuiaji wako), ulichoita, na kilichotokea. Ulichoita na kilichotokea vikae safu mbili tofauti. Pasi iliyogeuka mbio ya kujiokoa ni pasi. Pasi fupi ya pembeni nyuma ya mstari, ile mpokeaji anayodaka akiwa amesimama, mimi huiweka kando peke yake, kwa sababu makocha wengi huiita badala ya mbio za nje na ulinzi huijibu kama mbio. RPO, plei ambayo kwotabeki huchagua kati ya mbio na pasi baada ya kuanza, nayo ina safu yake. Ukiichanganya na mbio au na pasi utakuwa unajidanganya, maana benchi liliita vyote viwili na ulinzi ndio uliochagua.

Kisha toa plei za mwisho wa mechi ambayo tayari imeamuliwa. Ukiongoza kwa 21 zikiwa zimebaki dakika sita, utakimbia hata mbele ya watu tisa, na ni sawa, unaila saa. Ukiwa nyuma kwa 21 utarusha tu. Mbio na pasi za namna hiyo hazisemi lolote kuhusu jinsi unavyofikiri mechi ikiwa bado hai.

Jambo lingine: plei zimepungua. Tangu msimu wa 2023 saa ya futiboli ya ngazi ya juu ya vyuo haisimami tena kila unapopata dauni mpya ya kwanza, isipokuwa katika dakika mbili za mwisho za kila nusu. Misafara, yaani zamu za kushambulia, ni michache kuliko zamani, na plei tano za kwanza ulizozitupa kwa mazoea ni sehemu kubwa zaidi ya mchana wako.

Boksi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Boksi ni eneo la mbele ya laini yako, kutoka bega la nje la mtu wako wa mwisho upande mmoja hadi la mwenzake upande wa pili, na kina chake ni kama yadi tano au sita kuingia upande wa ulinzi. Mlinzi aliye humo anaweza kufika kwenye mbio kabla hazijakomaa. Hesabu waliomo, kisha hesabu wazuiaji wako. Laini ni watu watano. Ukiweka taitiendi mmoja, mpokeaji anayesimama kando ya laini na kuzuia pia, ni sita. Ukiweka wawili, ni saba.

Ukiwa na wazuiaji watano na boksi lina watano, kimbia. Usibishane na mtu, usisikilize mtu anayetaka kurusha kwa sababu ameona mpokeaji wake ana kasi. Ukiwa na watano na boksi lina saba, kukimbia ni kumpeleka mkimbiaji wako kwa wanaomsubiri, kwa hiyo rusha. Shida ni pale boksi linapokuwa na sita dhidi ya watano wako, kwa sababu hapo ndipo ulinzi mwingi wa vyuo unapopenda kusimama. Mmoja kazidi. Utamfanya nini huyo mmoja?

Jibu la kwanza ni miguu ya kwotabeki. Mwache mlinzi wa mwisho wa laini yao bila kuzuiwa, halafu kwotabeki amtazame yeye. Akimkimbilia mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira na kutoka nje. Akisimama kumsubiri kwotabeki, mkimbiaji anapewa mpira. Kwa mtazamo mmoja umemtoa mtu kwenye hesabu bila kumgusa. Ndiyo maana kwotabeki anayekimbia ana thamani kubwa vyuoni hata kama mkono wake ni wa kawaida: wengine wote wanapokimbia, kwotabeki wao ni mtazamaji, na ulinzi una watu 11 dhidi ya 10.

Jibu la pili ni pasi iliyofungwa kwenye mbio hizohizo, na hilo nitalifikia.

Ukiwa juu kibandani, usianze na boksi. Anza na sefti, wale walinzi wa nyuma kabisa. Wakiwa wawili nyuma, boksi haliwezi kuwa zito, maana hesabu ya watu 11 haidanganyi. Akiwa mmoja tu nyuma, mwenzake ameshuka mahali, na ni kazi yako kumtafuta ameshukia wapi. Wajanja husimama wawili nyuma, kisha mmoja hushuka sekunde moja kabla ya snapu, yaani kabla mpira haujatolewa kuanza plei. Kwa hiyo mwambie kwotabeki ahesabu mara mbili: akifika kwenye laini, na tena baada ya kupiga makofi ya uongo kana kwamba anaomba mpira. Makofi hayo huwatoa watu mafichoni. Nimeona sefti akijikwaa kurudi nyuma, amechungulia mapema, kila mtu uwanjani amemwona.

Usisahau hashi. Kwenye vyuo, mistari hiyo miwili iko futi 40 kutoka mmoja hadi mwingine, kwenye uwanja wenye upana wa futi 160. Mpira ukikaa hashi ya kushoto, upande wa kulia una futi 100 za nafasi na wa kushoto una 60 tu. NFL hashi zao ziko futi 18 na nusu, karibu katikati, kwa hiyo hawana tatizo hili wala hawana neema hii. Upande mpana unaulazimisha ulinzi kumpeleka mtu mbali kumfuata mpokeaji wako wa ndani. Mtu huyo akienda, boksi limepungukiwa. Asipoenda, umepata pasi rahisi yenye nyasi tele mbele yake. Makocha wengi wachanga huandaa plei nzuri halafu huita upande mwembamba, wakijibana wenyewe.

Mtu wa njia panda

Katika kila mpangilio wa ulinzi kuna mtu mmoja mwenye kazi mbili. Mara nyingi ni lainibeka (mlinzi wa safu ya pili) wa nje au beki wa tano anayesimama nusu njia kati ya taitiendi na mpokeaji wa ndani. Ameambiwa asaidie kuzuia mbio, na ameambiwa pia amlinde yule mpokeaji. Mimi humwita mtu wa njia panda. Ukimpata huyo, umeipata mechi yako, na uwiano wako wote uujenge juu ya mgongo wake.

RPO inamfanya akosee hata akifanya kazi yake vizuri. Laini inazuia mbio. Mkimbiaji anakuja kuchukua mpira. Wakati huohuo mpokeaji wa ndani anakimbia hatua nne au tano na kukata kuingia nyuma ya mahali alipokuwa mtu wa njia panda. Kwotabeki anamtazama mtu huyo peke yake. Kiuno chake kikigeukia mbio, mpira unatoka mikononi mwa mkimbiaji na kurushwa mgongoni mwake. Akirudi nyuma, mkimbiaji anabaki na mpira, na boksi limepungua mmoja.

Sheria ya vyuo inasaidia hapa. Watu wa laini wanaruhusiwa kuwa hadi yadi tatu mbele ya mstari wakati pasi ya kuvuka mstari inaporushwa. NFL ni yadi moja. Lakini yadi tatu si nyingi kwa mtu wa kilo 140 ambaye ameambiwa amsukume mwenzake. Kwa hiyo mpira lazima utoke mapema. Kwenye mazoezi sisi huweka kamba nyasini yadi tatu mbele ya laini, na mmoja wetu husimama ubavuni akiangalia kamba tu. Mtu wa laini akiivuka kabla mpira haujatoka, plei inarudiwa, na kosa huandikwa kwa kwotabeki. Yeye ndiye aliyechelewa.

Kama unataka kuona jambo hili likiamua mechi kubwa, tafuta ile ya Auburn na Alabama ya tarehe 30 Novemba 2013. Wengi wanaikumbuka kwa Chris Davis aliyerudisha mpira wa teke uliokosa goli, uwanja mzima, sekunde zikiwa zimeisha. Mimi hurudi nyuma kidogo tu, kwenye bao lililosawazisha 28 kwa 28 zikiwa zimebaki sekunde 32. Auburn walikuwa wamemlisha mpira mkimbiaji Tre Mason mchana kutwa. Kwotabeki Nick Marshall akabaki na mpira, akatoka nje kama anayekimbia, na beki wa pembeni wa Alabama akaja juu kumzuia, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Marshall akautupa mpira juu kumpelekea Sammie Coates aliyeachwa peke yake nyuma. Yadi 39, tachidauni. Simamisha video pale beki anapochukua hatua yake ya kwanza mbele. Hatua ile ililipiwa na mbio zote za msafara ule.

Pasi ya kuzuga, ile ambayo kwotabeki anajifanya kumpa mkimbiaji kisha anarusha, ni ndugu wa RPO, lakini ni mkubwa wake na ana subira zaidi. Hapa nina mzozo na makocha wa zamani wanaosema lazima kwanza ukimbie vizuri ndipo uzuge. Nimetazama video nyingi, na lainibeka hupiga hatua mbele hata kama mbio zako siku hiyo zina wastani wa yadi mbili. Anatazama miguu ya laini na njia ya mkimbiaji, hatazami takwimu. Kinachohitajika ni mbio na mzugo kufanana kwa kila kitu katika sekunde ya kwanza: mpangilio uleule, mtu yuleyule wa laini anayevuta kwenda upande mwingine, mkimbiaji kwa kasi ileile na mikono imefungwa tumboni. Kwa hiyo kila mbio unayoipenda ipatie pasi yake pacha, na uzifundishe siku moja, moja baada ya nyingine. Mbio isiyo na pacha kwenye karatasi yangu huondolewa kabla ya Alhamisi.

Walioegemea upande mmoja

Msomaji atauliza: mbona kuna timu zinazokimbia tu, au kurusha tu, na zinashinda? Tuangalie tatu.

Septemba 2018, Army walikwenda Oklahoma na opsheni yao ya mbio, wakashika mpira dakika 44 na sekunde 41 kati ya 60, wakafungwa 28 kwa 21 katika muda wa nyongeza. Oklahoma ya kwotabeki Kyler Murray iliponea chupuchupu. Army karibu hawarushi kabisa, lakini ndani ya opsheni mna uwiano wake: mpira unaweza kwenda katikati kwa mkimbiaji wa kwanza, kubaki kwa kwotabeki, au kutupwa nje kwa wa tatu. Milango mitatu, na ulinzi lazima umweke mtu kwa kila mmoja.

Novemba 2023, Michigan wakiwa ugenini kwa Penn State walimaliza mechi kwa mbio 32 mfululizo, na nusu ya pili hawakuandikiwa pasi hata moja. Walishinda 24 kwa 15. Walikuwa wakiongoza, ulinzi wao ulikuwa imara, na laini yao ilikuwa inashinda hata boksi likijaa. Ukiwa na laini ya namna hiyo, fanya hivyo. Wengi wetu hatuna.

Mfano wa tatu ndio unaoniuma, kwa sababu nilikipenda sana kikosi kile. Msimu wa 2020, Mississippi State ya kocha Mike Leach ilifungua kwa kuwapiga mabingwa LSU 44 kwa 34, kwotabeki K.J. Costello akirusha yadi 623, rekodi ya SEC, ligi yao ya vyuo. LSU walicheza mtu kwa mtu wakaadhibiwa. Wiki iliyofuata wakaja Arkansas. Wakatuma watatu tu mbele, wakarudisha wanane nyuma, wakasubiri. Costello alinaswa pasi tatu na Arkansas wakashinda 21 kwa 14. Watu watatu mbele dhidi ya laini ya watano! Nafasi ya kukimbia ilikuwepo wazi, lakini kitisho cha mbio kilikuwa kidogo mno kuwafanya Arkansas wabadili chochote. Ukirusha muda wote, lazima uwe na mbio mbili tatu ambazo ulinzi wa namna hiyo utazilipia, na uwe na moyo wa kuziita mara sita mfululizo hadi mtu wa nne aje mbele.

LSU ya mwaka uliotangulia, 2019, ilikuwa na hayo yote. Joe Burrow alirusha tachidauni 60, watu wakadhani ni timu ya pasi tu. Clyde Edwards-Helaire alikimbia yadi 1,414 msimu huohuo, kwa sababu wapokeaji waliotawanyika uwanja mzima waliliacha boksi likiwa tupu, na yeye mwenyewe alikuwa mpokeaji mzuri. Walishinda mechi zote 15.

Dauni kwa dauni

Kipimo ninachokitumia ni kile ambacho wachambuzi wengi wa vyuo hukitumia: plei imefaulu ikipata nusu ya yadi zinazohitajika kwenye dauni ya kwanza, asilimia 70 kwenye ya pili, na zote kwenye ya tatu na ya nne. Mbio ya yadi tatu kwenye dauni ya kwanza na yadi 10 watu huipigia makofi. Kwa kipimo hiki imeshindwa. Ya yadi tano imefaulu.

Dauni ya kwanza ndiyo mahali pa kurekebisha kwanza, kwa sababu ndipo ulinzi usipojua. Kama jedwali lako linaonyesha unakimbia mara saba katika kumi hapo, shusha hadi tano au sita, na pasi unazoongeza ziwe fupi au za kuzuga, zenye nafasi kubwa ya kukamilika. Usiache kukimbia kwa hasira eti umesomwa. Unataka lainibeka wao asimame wima.

Dauni ya pili na yadi mbili au tatu ni zawadi, na makocha wengi huila vibaya kwa kukimbia katikati kutafuta yadi mbili. Una dauni nyingine mbili za kuzipata. Hapo ita pasi ndefu ya kuzuga. Isipokamilika, uko dauni ya tatu na yadi mbili, unakimbia. Dauni ya pili na yadi nane au zaidi ni kinyume chake: kila mtu anangoja pasi, na boksi mara nyingi ni jepesi. Mbio ya yadi tano hapo si woga. Inakuweka dauni ya tatu na tatu, ambapo ulinzi tena haujui.

Dauni ya tatu na sita au saba, uwe na mbio moja uliyoifanyia mazoezi, na uiite walau mara moja katika nusu ya kwanza. Hata ikishindwa, wale wanaowakimbilia watu wako wa laini kwa kasi zote watapunguza nusu hatua, na nusu hatua ndiyo muda wa kwotabeki kuutoa mpira.

Plei za mwanzo, kumi na mbili hadi kumi na tano, tunaziandika kabla ya mechi. Lengo langu kubwa hapo ni kuuliza maswali: tukisimama na taitiendi wawili, nani anashuka? Tukimhamisha mpokeaji kutoka kushoto kwenda kulia, nani anamfuata? Kwa kila mpangilio naomba mbio moja na pasi moja. Kufikia msafara wa tatu nina majibu kwenye karatasi, na kuanzia hapo mratibu haiti kwa kubahatisha.

Kama kwotabeki wako ameiva, mpelekee plei mbili kwa pamoja, mbio na pasi, achague akishalihesabu boksi. Tangu 2024 vyuo vya FBS, ngazi ya juu kabisa, vinaruhusiwa kuzungumza na mchezaji mmoja kupitia kofia, hadi saa ya plei inapofika sekunde 15. Baada ya hapo yuko peke yake, na hapo ndipo sefti hushuka. Mfundishe kuamua bila wewe.

Jipeleleze

Kila Jumapili mimi hujifanya mpinzani wetu wa wiki ijayo. Nachukua mechi zetu nne za mwisho, nachuja jedwali kwa mpangilio, kwa hashi, kwa watu waliopo uwanjani. Mpangilio wowote tuliousimama mara kumi au zaidi, na mara nane tukafanya kitu kimoja, unapata alama nyekundu. Simwambii mratibu auache. Namwomba plei moja ya kuuvunja, na iitwe mapema, mahali ambapo watakaotutazama kwenye video wataiona.

Lakini jedwali halioni mwili. Msimu ule wa plei 66 nilirudia video ya pembe ya nyuma, picha moja moja, nikitafuta kwa nini walinzi wao walikuwa wepesi hivyo. Mtu wetu wa laini wa kushoto, kijana mwenye bidii kuliko wote, alipojua ni mbio aliweka uzito wote kwenye mkono wa mbele hadi vidole vikawa vyeupe kwenye nyasi. Alipojua ni pasi, vidole viligusa tu, na visigino vilishuka. Mkimbiaji naye alisimama nusu yadi nyuma zaidi anapokwenda kuupokea mpira. Ukishaviona, huwezi kuacha kuviona. Nilijaribu kukisia plei kwa kutazama mkono ule peke yake. Nilipata 17 kati ya 20.

Kurekebisha kulichukua wiki tatu. Mkimbiaji tulimpakia mstari wa chokaa, asimame hapo daima. Mtu wa laini ilikuwa ngumu, kwa sababu mkono ule ulikuwa ndio nguvu yake. Tulichofanya ni kumfundisha asiegemee kabisa kwenye plei yoyote, kisha tukambadilishia hatua ya kwanza ya mbio ili asihitaji kuegemea. Kila siku kabla ya mazoezi ya timu nilichuchumaa mbele yake na kusema "mbio" au "pasi" kabla ya snapu. Siku aliyonifanya nikosee mara tano mfululizo alinyanyuka akacheka, nami nikaenda kumwita mratibu aje aone.

Muda wa kufundisha yote haya ni mchache. Divisheni ya 1 ina kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na hata ngazi yetu wanafunzi wana maabara na mitihani. Kwa hiyo punguza. Mbio nne, kila moja na pacha yake ya kuzuga, mbili kati yake na RPO, pasi fupi tano, skrini mbili (pasi fupi zenye wazuiaji mbele ya mdakaji). Nimeona kitabu cha plei chenye kurasa 200 kikileta timu isiyojua kuzuia mbio ya ndani. Mkiwa wachache wa plei mnaweza kuzirudia kutoka mipangilio sita, na mpinzani atadhani mna 60.

Jumatatu asubuhi ninapeleka ukurasa mmoja tu. Juu kabisa ni dauni ya kwanza: tulikimbia ngapi, tulirusha ngapi, boksi lilikuwa na wangapi kila tulipokimbia. Chini yake alama nyekundu, zisizidi tatu. Wiki iliyopita ilikuwa moja: taitiendi wawili, hashi ya kulia, mbio tisa kati ya kumi. Mratibu aliusoma akiwa amesimama, akachukua kalamu, akaandika pacha ya mbio ile kwenye nafasi ya nne ya plei za mwanzo, akanirudishia karatasi.